Parampara: silsila ya maguru wa Kihindu

Aliyekulia karibu na zawiya ya Kadiria, ile tarika ya Kisufi, huko Zanzibar, hatasumbuka kuelewa parampara. Fikiria silsila: shehe kapokea kwa shehe wake, naye kwa wake, mpaka juu kabisa. Wahindu nao wana yao. Neno lenyewe ni la Kisanskriti, na maana yake inakaribia "mmoja akifuata mwingine". (Nasema Wahindu, yaani watu wa dini hiyo. Mhindi ni mtu wa India, na anaweza kuwa Mwislamu au Mkristo.)

Uhindu hauna makao makuu yanayoamua ubishi wa dini. Kwa hiyo mtu akianza kufundisha, huulizwa: wewe umefundishwa na nani? Ukiwa na parampara, una jibu. Usipokuwa nayo, itabidi watu wakupime kwa maisha yako tu.

Guru, asili yake ni "mzito". Si mwalimu wa darasani, na mwanafunzi wake, shishya, hajiandikishi akapewa risiti. Hupewa diksha, yaani kuingizwa rasmi kwa mkono wa guru. Mara nyingi guru humnong'oneza mantra, maneno matakatifu ya kurudiarudia, sikioni, naye huitunza bila kuitangaza. Anayeamua kuiacha dunia kabisa na kuwa sanyasi huenda mbali zaidi: kwa desturi hujifanyia ibada za maziko yake mwenyewe angali hai, akavua jina alilopewa na wazazi, akavaa nguo ya rangi ya zafarani. Tangu hapo ukimuuliza ukoo wake, atakutajia guru wake. Hata jina jipya linasema kitu. Likiishia na Saraswati, Giri, Puri au Bharati, mara nyingi huwa ni mtawa wa mlolongo unaojinasibisha na Shankara, mwanafalsafa ambaye wanahistoria wengi humweka karne ya 8.

Ashramu ndipo mnyororo huu unapokaa. Neno linatokana na kujitaabisha, na zamani lilikuwa kibanda cha mwituni. Siku hizi utakuta ukumbi wa sala, jiko kubwa, vyumba vya wageni, pengine na zizi la ng'ombe, na watu wanaoamka kabla hakujapambazuka. Nyumba ya watawa yenye mali na utawala wake huitwa matha.

Tuchukue matha ya Sringeri, jimbo la Karnataka, ukingoni mwa mto Tunga. Wanasimulia kwamba Shankara alipachagua baada ya kumwona swila amemkunjulia chura mwenye mimba kofia yake, kumkinga na jua. Mpaka leo samaki wa pale mtoni hawavuliwi. Mahujaji huwarushia bisi za mchele, nao hujaa ngazini wakisukumana, wakubwa kwa wadogo. Ng'ambo ya mto hukaa mkuu wa matha, Bharati Tirtha, anayehesabiwa wa 36 katika silsila. Mwaka 2015 alimpa utawa kijana mmoja, Vidhushekhara Bharati, akamtangaza kuwa mrithi.

Sringeri wanapokezana bila kelele nyingi. Kwingine ni mzozo, na mara nyingi chanzo chake ni kimoja: urithi uende kwa damu au kwa roho? Swaminarayan, guru mwenye wafuasi wengi aliyefariki 1830 huko Gujarat, magharibi mwa India, aliacha viti viwili vya uongozi, Ahmedabad na Vadtal, akavikabidhi kwa wana wa ndugu zake aliowafanya wanawe. Vinarithishwa ndani ya ukoo huo hadi leo. Lakini Shastriji Maharaj alitoka Vadtal, na mwaka 1907 akaweka msingi wa jumuiya ya BAPS, akishikilia kuwa mrithi wa kweli wa kiroho alikuwa Gunatitanand Swami, mwanafunzi wa Swaminarayan. Katika silsila hiyo yumo Bhagatji Maharaj, mtu wa jamii ya mafundi cherehani, wala hakuwa mtawa. Kwa maoni yangu huyo mmoja, aliyeingia kwa roho wala si kwa damu, anaeleza parampara kuliko kurasa kumi. Hekalu lao la mawe ya kuchonga pale Nairobi, lililofunguliwa 1999, ni tunda la tawi hili.

Kuna pia asiyeingia katika hesabu. Ramana Maharshi wa Tiruvannamalai, mji wa kusini mwa India, aliyefariki 1950, hakuwa na guru wa kibinadamu. Alisema guru wake ni mlima Arunachala, ule unaoonekana nyuma ya ashramu. Hakutoa diksha ya kawaida, na hakuacha mrithi wa kiroho. Uendeshaji ulibaki mikononi mwa watu wa ukoo wa mdogo wake. Ukumbini alimozoea kuketi, kochi lake lingalipo, na juu yake pamewekwa picha yake. Watu huingia bila viatu, wakakaa chini wakilielekea, kimya.