Govan, ng'ambo ya mto Clyde jijini Glasgow, Uskoti: wanayosema na yalivyo

"Govan ni makaburi ya viwanda vya meli."
Vingi vilifungwa, hilo halipingiki. Lakini kile cha Fairfield kingali kinaunda manowari, siku hizi chini ya kampuni ya BAE Systems. Karakanani hutaingia. Utaingia ofisi zake za zamani za mawe mekundu, ambazo sasa zina makumbusho ya ujenzi wa meli.

"Ni mtaa tu wa Glasgow."
Glasgow iliumeza mwaka 1912. Kabla ya hapo Govan ilikuwa mji wenye halmashauri yake.

"Ukishaona kreni, umemaliza."
Hapa ndipo wageni wengi wanapojipunja. Ndani ya kanisa la Govan Old yamo mawe 31 yaliyochongwa kati ya karne ya 9 na ya 11: misalaba, sanduku la maziko la jiwe, na mawe matano manene yenye mgongo uliopinda kama paa la nyumba, mtindo wa zama za Waviking, mabaharia wa kaskazini mwa Ulaya. Mengine yalikuwa nje uani, na miaka ya 1970, karakana jirani ilipobomolewa, yakadhaniwa yameteketea. Mwaka 2019 mwanafunzi wa miaka 14 aliyejitolea kwenye uchimbaji akachokoa ardhi, akagonga moja. Mimi ningeanzia kanisani, kreni zingesubiri.

"Vivutio vyote viko ng'ambo, na kuvuka ni kazi."
Ilikuwa kazi. Tangu Septemba 2024 kuna daraja la waenda kwa miguu na baiskeli hadi Partick, upande wa pili wa mto. Ukishuka tu, uko Riverside Museum, jumba la makumbusho lililobuniwa na msanifu majengo Zaha Hadid na kufunguliwa 2011, kiingilio bure. Nje imeegeshwa Glenlee, merikebu ya matanga ya 1896. Beba koti, mvua ya huko haibishi hodi.

"Historia hiyo haituhusu sisi wa Ziwa."
Waulize wa Bukoba. Meli ya MV Victoria iliundwa Scotstoun, chini kidogo ya mto huohuo, katika karakana ya Yarrow. Ikafunguliwa vipande vipande, ikasafirishwa hadi Kisumu, ikaungwa upya na kuanza safari 1961. Baada ya ukarabati ilirudi majini 2020, ikiitwa New Victoria Hapa Kazi Tu, na abiria wa Mwanza wakapanda tena.