Je, wajua kwa nini goti lako na mrija wa maabara vyote vina meniskasi?

Kwa miaka mingi niliamini kwamba meniskasi ya goti ni maji. Chanzo cha kosa hilo nakikumbuka vizuri. Nikiwa kidato cha pili Nakuru, mwalimu wa kemia alitupanga mbele ya bureti, ule mrija mrefu wa kioo wenye alama za kupimia, na kutufundisha kuinama mpaka jicho lilingane na maji, kisha tusome alama iliyo chini kabisa ya mpindo. Mpindo ule, alisema, unaitwa meniskasi. Neno likanikaa kichwani pamoja na maji yake.

Miaka ikapita. Mdogo wangu akaumia akicheza mpira Kisumu: mguu umekanyaga, mwili ukageuka, goti likatoa mlio. Daktari akamwambia, "Kijana, meniskasi yako imechanika." Jioni mama jirani alikuja kumjulia hali, akasikia habari hiyo, akatikisa kichwa. "Pole sana, mwanangu. Maji ya goti yakiisha, ni shida."

Nilikubaliana naye papo hapo. Shuleni meniskasi ilikuwa uso wa maji. Mtaani kila goti linalouma huambiwa maji yake yamekwisha. Mambo yaliingiana. Nililala na maelezo hayo nikiwa nimeridhika, mpaka kitenzi cha daktari kikaanza kunisumbua. Alisema imechanika. Kitambaa huchanika, karatasi huchanika, nyavu huchanika. Maji humwagika, hukauka, hupungua, lakini hayachaniki.

Goti lina majimaji, hilo ni kweli. Ni ute wa kulainisha, na katika goti zima ni mchache mno: kijiko kimoja cha chai hakijai. Isitoshe, meniskasi inapochanika ute huo haukauki. Mara nyingi huongezeka, ndiyo maana goti huvimba. Kwa hiyo jioni ile, wakati sote tukimpa pole kwa maji yaliyokwisha, goti la mdogo wangu lilikuwa na maji mengi kuliko siku zote za maisha yake. Na wazee wetu wanaoambiwa kwamba maji yamekwisha, wengi wao tatizo lao ni gegedu, ile tabaka laini inayofunika ncha za mifupa, ambalo limelika kwa miaka. Picha ya eksirei huonyesha nafasi kati ya mifupa imepungua, na ni rahisi kudhani nafasi hiyo ilijaa maji. Kwa kweli sehemu kubwa ya nafasi hiyo ilikuwa gegedu, ambalo eksirei hailionyeshi. Maumivu yao ni ya kweli kabisa. Jina tu ndilo linalopotosha.

Meniskasi ni vipande viwili vya gegedu gumu katika kila goti, kimoja upande wa ndani na kingine upande wa nje. Vinaweza kushikwa kwa vidole, kukatwa, hata kushonwa. Jambo moja lilinirudisha nyuma kidogo nilipolijua: kama asilimia 70 ya uzito wa kipande hicho ni maji. Lakini ni maji yaliyonaswa ndani ya nyuzi, kama yalivyo ndani ya nyama.

Sasa jina. Wagiriki wa kale waliita mwezi "mene", na mwezi mdogo, yaani ule mwembamba wa siku za kwanza, wakauita "meniskos". Hakuna maji katika neno hilo wala goti. Kuna umbo peke yake: hilali. Madaktari wanaotumia Kiarabu hukiita kipande hicho cha goti gegedu la hilali, na neno hilali tunalo sisi pia katika Kiswahili, tena linajulikana na kila anayesubiri mwezi wa Ramadhani. Laiti mwalimu wangu angesema "hilali ya maji" na daktari akasema "hilali ya goti", nisingevichanganya hata siku moja.

Tena sisi wa kanda hii tuna bahati ya pekee. Nenda ufuko wa Dunga, Kisumu, jioni ya siku ya pili au ya tatu baada ya mwezi kuandama, utazame upande wa ziwa jua likishazama. Mwezi umelala chali kama mtumbwi, pembe zote mbili juu. Ni kwa sababu Kisumu iko karibu kabisa na ikweta (ukifika Maseno mstari wenyewe unakatiza barabara), na kwetu jua huzama karibu wima, likiuangaza mwezi kutoka chini. Mwezi huinama kidogo huku au kule kulingana na majira, lakini kadiri unavyokwenda mbali na ikweta ndivyo unavyozidi kulala ubavu. Hapa kwetu hilali ya angani na hilali ya bureti zina mkao mmoja.

Ile ya bureti hutokea hivi. Molekuli za maji hushikana zenyewe kwa zenyewe, na vilevile hukishika kioo; kioo kikiwa safi, hukishika kwa nguvu zaidi. Zilizo ukingoni hupanda ukuta zikiwavuta majirani, mpaka uzito wa maji yaliyoinuliwa ulingane na nguvu ya kuvuta. Katikati panabaki chini, kama kamba ya kuanikia nguo iliyolegea kati ya nguzo mbili. Zebaki hufanya kinyume: yenyewe hushikana kwa nguvu na kioo haikitaki, hivyo hutuna katikati, na husomwa juu ya kilele chake. Maji yakitiwa katika silinda ya plastiki, mara nyingi uso wake huwa karibu tambarare. Na kwa nini hatuoni mpindo katika beseni? Upo, ila umejibana ukingoni, milimita chache tu. Katika mrija wenye upana wa milimita 1 kuta ziko karibu kiasi kwamba maji hupanda kama sentimita 3 nzima.

Kusoma chini ya mpindo ni makubaliano tu: waliochora alama kwenye chombo walizipima hivyo. Mmumunyo wa kemikali iitwayo potasiamu pamanganeti ni zambarau iliyokoza mno, chini ya mpindo hapaonekani, kwa hiyo husomwa juu. Kwa bureti jibu halibadiliki, mradi usome mahali pamoja mwanzo na mwisho, kwa kuwa unachotafuta ni tofauti ya visomo viwili.

Turudi kwenye goti, maana hapa ndipo umbo la hilali linafanya kazi. Chukua ngata, ule mduara wa kitambaa kilichosokotwa ambao mama huweka kichwani kabla ya kujitwika mtungi. Kitako cha mtungi ni cha duara, utosi karibu ni tambarare. Bila ngata, mzigo wote hukaa kwenye nukta moja ndogo, na hakuna anayefika mbali. Ngata hujaza ile nafasi ya pembeni na kuutandaza uzito. Goti ni vivyo hivyo. Mfupa wa paja huishia kwa vifundo viwili vya mviringo, kama vitako vya mitungi miwili. Juu ya mfupa wa muundi ni karibu tambarare. Kila mtungi una ngata yake, nene ukingoni na nyembamba kuelekea katikati, iliyo wazi upande mmoja kama mwezi mchanga. Mguu ukiwa umenyooka, ngata hizo hubeba nusu au zaidi ya mzigo unaopita gotini.

Lakini angalia ngata iliyofungwa vibaya. Mtungi ukikaa, kitambaa husukumwa nje, mduara hufunguka, na kitako hushuka mpaka kwenye utosi. Unene wa kitambaa peke yake hausaidii; kinachoubeba mtungi ni ule msokoto uliokaza kuzunguka. Nyuzi za meniskasi pia nyingi huzunguka, kufuata mviringo wa hilali, na pembe zake mbili zimefungwa imara kwenye mfupa wa muundi. Mzigo ukishuka, hilali hutaka kusukumwa nje, nyuzi zikakaza na kuizuia. Ndiyo sababu mwelekeo wa mchaniko una uzito mkubwa. Mchaniko unaofuata nyuzi huweza kuacha mduara ukifanya kazi. Mchaniko unaozikata nyuzi kwa upana, ukafika ukingo wa nje, ni sawa na kufungua fundo la ngata, hata kama kitambaa chote bado kipo.

Jambo hili halikujulikana kwa muda mrefu. Mwaka 1897 daktari Bland-Sutton wa Uingereza aliandika kwamba vipande hivi ni mabaki ya misuli yasiyo na kazi, na kwa miongo mingi wapasuaji waliving'oa vyote vilipochanika. Mwaka 1948 daktari mwingine, Fairbank, alionyesha kwa picha za eksirei jinsi magoti yaliyong'olewa meniskasi yanavyobadilika mifupa. Mitungi ilikuwa imekaa juu ya utosi. Siku hizi daktari hujitahidi kuhifadhi kadiri awezavyo, akishona panaposhoneka, hasa ukingo wa nje wenye mishipa ya damu. Sehemu ya ndani haina damu na hupona kwa shida. Kuhusu kupunguza vipande vilivyochanika kwa uchakavu, tahadhari inahitajika: utafiti wa Finland wa mwaka 2013, uliohusisha wagonjwa 146, ulikuta kwamba waliokatwa kipande hawakupata nafuu zaidi kuliko waliofanyiwa upasuaji wa kuigiza, yaani bila kukatwa kipande chochote. Hao hawakuwa vijana walioumia ghafla uwanjani, kwa hiyo matokeo hayo yasibebwe mpaka kwa kila goti.

Neno hili limefika machoni pia. Lenzi nyingi za miwani ni meniskasi: zimetuna nje na kubonyea upande wa jicho. William Wollaston aliisajili miwani ya namna hiyo Uingereza mwaka 1804. Vua yako uitazame kwa ubavu, utaona hilali. Kisha nyuma ya miwani, mtazame mtu wa karibu mwanga ukimpiga usoni. Pale kope ya chini inapokutana na jicho kuna mstari mwembamba unaometa. Ni machozi yaliyopanda kidogo kwenye jicho na kidogo kwenye kope, kama maji kwenye kioo. Daktari wa macho huuita meniskasi ya machozi, na hupima kimo chake, ambacho hakifiki hata nusu milimita, ili ajue kama jicho ni kavu. Hapo, mama jirani, meniskasi ni maji kweli, na yanaweza kupungua.