Malazi nafuu katika miji ya mawimbi: yanayosemwa na yalivyo kwa anayesafiri peke yake

Anayesafiri peke yake kwenda kuteleza mawimbini kwa ubao (mchezo wa surfing) huwa na mambo mawili yanayovutana. Mfuko hauruhusu hoteli, na nafsi haitaki kukaa wiki nzima bila mtu wa kuongea naye. Hapo ndipo hosteli inapoingia, yaani nyumba ya wageni yenye vitanda vya bwenini na jiko la pamoja, na pamoja nayo ushauri mwingi unaopita mdomo hadi mdomo. Baadhi ya ushauri huo ni wa kweli. Mwingine unarudiwa kwa mazoea tu, na huishia kumlaza mtu mahali ambapo halali vizuri wala hapati rafiki.

"Nyumba yenye baa na muziki ndiyo yenye watu wachangamfu"

Hii ndiyo dhana iliyoshika mizizi kuliko zote, na katika mji wa kawaida inaweza hata kuwa na ukweli. Katika mji wa mawimbi haifanyi kazi, kwa sababu ratiba ya huko haipangwi na watu, inapangwa na bahari.

Usiku nchi kavu hupoa haraka kuliko maji. Ndiyo maana alfajiri, kwenye pwani nyingi, upepo huwa umetulia au unavuma taratibu kutoka bara kwenda baharini. Upepo huo unalikabili wimbi usoni, unalisimamisha na kulilainisha. Jua likishapanda, nchi kavu inapata joto, upepo unageuka na kuvuma kutoka baharini, na maji yaliyokuwa laini yanachafuka. Anayejua mchezo anataka kuwa majini saa kumi na mbili asubuhi, si saa nne. Kwa hiyo amelala mapema. Yule uliyekunywa naye hadi saa nane usiku, utakapoamka kuchukua ubao wako atakuwa bado anakoroma, na kesho yake ataondoka kwenda mji mwingine.

Watu hawazoeani kwa sababu ya kelele. Wanazoeana kwa kuwa na sababu ya kusimama mahali pamoja kwa wakati mmoja, siku mbili tatu mfululizo. Ukitazama picha za hosteli, usiishie kwenye machela ya kubembea na taa za rangi. Tafuta meza. Meza moja ndefu ya kulia chakula ni bora kuliko makochi mengi yanayotazama televisheni. Tafuta jiko ambalo wageni wanaruhusiwa kupika, tena lenye nafasi ya watu wanne kugongana viwiko. Angalia kama kuna ua wenye bomba la kuoshea mbao na kamba za kuanikia suti za mpira, maana kila anayetoka majini lazima apite hapo, amechoka, ana furaha au ana hasira, na hakuna anayepita kimya. Uliza pia kama nyumba ina ubao ukutani wa saa za maji kujaa na kupwa, na kama jioni watu hupanga nani anakwenda ufuo upi. Kugawana nafasi kwenye gari asubuhi kunaunganisha watu kuliko vinywaji vya ofa.

Kama unachotaka hasa ni sherehe, hilo nalo ni halali kabisa. Ila lijue kabla ya kulipa, usije ukamlaumu mwenye nyumba kwa muziki alioutangaza mwenyewe.

"Bweni likiwa kubwa zaidi, marafiki nao ni wengi zaidi"

Chumba cha vitanda kumi na sita kina tabia za stendi ya mabasi: watu wanaingia na kutoka saa zote, taa inawashwa na kuzimwa, na hakuna anayemsalimu mwenzake kwa sababu kesho sura zitakuwa nyingine. Chumba cha vitanda vinne au sita kinakulazimisha kujitambulisha. Tofauti ya bei kati ya vyumba hivyo viwili mara nyingi si kubwa, na inakurudia kwa usingizi ulio bora.

Kuna na njia ya kati ambayo wengi hawaifikirii. Hosteli nyingi zina vyumba vichache vya faragha. Ukichukua kimojawapo, bado jiko ni lako, meza ni yako na ua ni wako, lakini mlango unaufunga ukitaka. Kwa mtu anayekaa zaidi ya siku nne, au anayekoroma na kuliona hilo kuwa tatizo la wengine, huu ni mpango wa busara.

"Hosteli ni za vijana, mimi umri umenipita"

Jina la Kiingereza, youth hostel (hosteli ya vijana), ndilo linalopotosha. Hosteli ya kwanza ya kudumu ilifunguliwa mwaka 1912 katika ngome ya Altena, Ujerumani, na mwalimu Richard Schirrmann aliyekuwa akitafuta mahali pa kulaza wanafunzi waliokuwa wakitembea kwa miguu mashambani. Ujana ukabaki kwenye jina hata baada ya wageni kubadilika. Siku hizi nyumba nyingi zinapokea mtu wa umri wowote, ingawa zipo zinazoweka kikomo, hasa katika mabweni, kwa hiyo soma masharti kabla ya kulipa. Katika miji ya mawimbi mchanganyiko huwa mkubwa zaidi kwa sababu mchezo wenyewe hauna rika. Majini anayesubiri wimbi pembeni yako anaweza kuwa na miaka kumi na tisa au hamsini na mitano, na mezani hali ni hiyo hiyo.

"Chagua nyumba iliyo karibu na wimbi maarufu"

Wimbi maarufu ni maarufu kwa sababu linawapa wajuzi wanachokitaka, na wanachokitaka wajuzi kinaweza kumvunja mbavu anayejifunza. Puerto Escondido, Mexico, ni mfano mzuri. Ufuo wa Zicatela una wimbi zito linalopasuka karibu na mchanga, na wapo waliobobea wanaoliogopa. Anayeanza huelekezwa ghuba ndogo ya Carrizalillo, au La Punta, mwisho wa ufuo huo huo. Huko Siargao, Ufilipino, wimbi la Cloud 9 linapasuka juu ya mwamba. Taghazout, Morocco, wimbi la Anchor Point ni la wenye uzoefu, na wanafunzi hupelekwa kwenye fukwe za mchanga zilizo jirani.

Hili linahusiana na urafiki moja kwa moja. Watu wanaolala karibu na wimbi fulani ni watu wa kiwango cha wimbi hilo. Mwanafunzi akijiweka katika nyumba ya wajuzi atakuwa na majirani wapole ambao kila asubuhi wanamwacha peke yake, si kwa dharau, ila kwa sababu hawawezi kwenda naye. Akilala karibu na ufuo wa mchanga wenye mawimbi madogo, atakuta wenzake wanaoanguka kama yeye, na kuanguka pamoja kunazoesha watu upesi sana. Kwa hiyo chagua wimbi kwanza, kitanda baadaye.

Pamoja na hilo, angalia msimu. Sri Lanka ina pwani mbili zinazopokezana kwa sababu ya pepo za monsuni: kusini, maeneo ya Weligama, mawimbi ni mazuri takriban Novemba hadi Aprili, na Arugam Bay upande wa mashariki huamka kuanzia Aprili au Mei hadi Septemba. Ukikosea mwezi utapata bei ya chini na nyumba tupu. Jeffreys Bay, Afrika Kusini, mawimbi yake mazuri huja Juni hadi Agosti, wakati wa baridi, ambapo mtalii wa kawaida wa ufukweni hayupo. Hossegor, Ufaransa, ni kinyume cha matarajio ya wengi: Agosti mji unafurika watu wa likizo na mawimbi mara nyingi ni madogo, kisha vuli inaleta mawimbi makubwa na watu wanapungua. Anayesafiri peke yake akitaka wenzake wenye nia moja, aende mwanzoni au mwishoni mwa msimu wa mawimbi, si wakati wa likizo za shule.

"Kambi ya mawimbi ni ya wenye hela, hosteli ndiyo nafuu"

Inategemea unaleta nini. Kambi kwa kawaida inajumlisha kitanda, ubao, mwalimu, usafiri wa kwenda ufukweni na milo kadhaa. Asiye na ubao wala ujuzi atavilipia vitu hivyo vyote hata akilala hosteli, kimoja kimoja, na kila kimoja kwa bei ya rejareja. Chukua kalamu ujumlishe. Mara kwa mara utakuta tofauti imeyeyuka, au imegeuka.

Mwenye ubao wake na anayejua anachokifanya, huyo kambi inamuuzia vitu asivyovihitaji.

Kwa upande wa watu, kambi ina faida moja ambayo hosteli haina: wageni wengi wanaanza siku moja, mara nyingi Jumamosi au Jumapili, wote wakiwa wageni wa kila kitu. Ukifika Jumatano unakuta kundi limeshakuwa na utani wake wa ndani. Kwa hiyo ulizia siku ya kuanza kabla ya kununua tiketi.

"Lipia wiki nzima mapema, usije ukakosa"

Wakati wa kilele cha msimu au mashindano makubwa, sawa, lipia. Nje ya hapo, siku mbili au tatu za kwanza zinatosha. Picha hazina harufu wala sauti. Ukishafika utajua kama kuta ni nyembamba, kama jiko ni chafu, na kama wakaaji wa muda mrefu wamejifungia katika kundi lao na kumwona kila mgeni kuwa ni msumbufu (hilo la mwisho hutokea zaidi ya watu wanavyodhani, na hakuna tangazo linalolitaja). Ukipenda, ongeza siku moja kwa moja kwa mwenye nyumba. Tovuti za kuweka nafasi hukata kamisheni, kwa hiyo wenye nyumba wengi wana nafasi ya kupunguza kidogo kwa anayelipa bila dalali, hasa kwa wiki au mwezi. Ubaya wake ni kwamba ukighairi huna wa kukutetea, basi mkubaliane masharti ya kurudishiwa fedha kabla hujatoa chochote.

"Fanya kazi saa chache upewe kitanda bure, hiyo si kazi rasmi"

Nyumba nyingi hutoa mpango huu, na kweli ni njia nzuri ya kujuana na kila anayeingia. Lakini katika nchi nyingi kupokea malazi kwa malipo ya kazi kunahesabika kuwa ni kazi, na viza ya utalii haikuruhusu. Neno "kujitolea" halibadilishi sheria. Soma masharti ya uhamiaji ya nchi unayokwenda, na usitegemee maelezo ya anayekuhitaji mapokezini.

"Mwanamke peke yake asilale bweni"

Hosteli nyingi zina bweni la wanawake tu, na kwa wengine hilo linamaliza hofu. Lakini bweni lenyewe ni sehemu ndogo ya usalama. Yafaa kuuliza zaidi kama kuna kabati la kila mgeni linalofungwa kwa kufuli, kama mapokezi yana mtu usiku, nani anaingia getini, na kama njia ya kwenda ufukweni ina taa, maana alfajiri bado ni giza. Haya yanamhusu na mwanamume. Beba kufuli lako mwenyewe, kwa sababu makabati mengi huja bila. Funguo za chumba usizifiche chini ya taulo wala jiwe unapoingia majini. Wezi wa fukweni wanaijua mbinu hiyo tangu zamani. Uliza pia mbao zinalala wapi usiku. Ua usio na geti si ghala.

"Mtu mkimya atabaki peke yake"

Mkimya ana bahati katika miji hii, kwa sababu mada ipo tayari. Kumuuliza mtu maji yanajaa saa ngapi, au ufuo upi una mawimbi madogo leo, hakuhitaji ucheshi wowote, na wateleza mawimbi hawajui kujibu swali hilo kwa sentensi moja. Tena kuna sababu nzito kuliko upweke ya kutafuta mwenza: mikondo inayovuta watu kwenda kilindini haionekani kirahisi kwa mgeni, na anayeijua sehemu atakuonyesha pa kuingilia na pa kutokea. Siku ya kwanza usiingie majini bila mtu.

"Alama ya juu mtandaoni inatosha"

Alama ya jumla inachanganya usafi, mahali, wafanyakazi na bei. Tovuti ya Hostelworld inatenganisha alama ya uchangamfu wa nyumba na mambo mengine, na ile ya Booking inakuruhusu kuchuja maoni ya waliosafiri peke yao. Tumia hivyo vyote viwili. Kisha soma maneno yenyewe. Mgeni akiandika kwamba walipika pamoja, au kwamba mtu wa mapokezi aliwapanga kwenda ufukweni, hapo kuna nyumba. Wakisifu mandhari tu na kasi ya intaneti, hapo kuna kitanda. Malalamiko nayo ni habari: anayelalamika kwamba watu walizima taa saa nne usiku huenda anakuelekeza mahali unapopataka. Na soma ya miezi ya karibuni peke yake, kwa sababu uchangamfu wa nyumba ndogo mara nyingi ni uchangamfu wa mtu mmoja wa mapokezi, na huyo huenda alishaacha kazi.