Barabara Ikihamishwa, Njia ya Zamani Hubaki na Nani?

Basi linalotoka Bagamoyo kwenda Tanga halifuati pwani. Linaingia bara kupitia Kiwangwa hadi Msata, linashika barabara kuu ya kaskazini, linavuka mto Wami, linapita Mkata na Kabuku, linafika Segera, kisha linakata kulia kurudi baharini kwa njia ya Muheza. Ukilitazama kwenye ramani utaona ajabu yake: miji yote miwili iko ufukweni, Saadani na Pangani zimekaa katikati yake, lakini abiria anazungushwa bara siku nzima kana kwamba pwani haina watu.

Wanafunzi wanaokuja kuangalia ramani zetu huuliza sababu, na wengi huondoka wakidhani ni uzembe wa mtu fulani aliyechora mstari vibaya. Si hivyo. Barabara hii imehamahama kwa zaidi ya miaka 150, na kila ilipohama palikuwa na sababu unayoweza kuishika kwa mkono: maji, matope, mbung'o, bandari, reli, bei ya daraja. Ninaandika haya kwa ajili ya wanaoishi kando ya mapito hayo, ya sasa na ya zamani, kwa kuwa mengi yanayoamuliwa leo kuhusu viwanja vyao yanatokana na historia hiyo.

Tuanzie kwenye misafara. Vitabu vya shule huchora mstari mmoja mnene kutoka Bagamoyo hadi Ujiji, mtoto akadhani palikuwa na barabara moja. Hapakuwa nayo. Wasafiri wa Kiingereza Burton na Speke mwaka 1857 walianzia Kaole, wakashika njia ya kusini iliyopita Zungomero kabla ya kupanda milima kuelekea Ugogo, upande wa Dodoma ya leo. Mwandishi wa habari Stanley mwaka 1871 alitoka Bagamoyo, akavuka mto Kingani, yaani Ruvu yetu hii, akapita Kikoka na Rosako hadi Simbamwene, ilipo Morogoro ya leo, na kutoka huko akaenda Mpwapwa. Wote walikuwa wanakwenda Ugogo na Unyanyembe, ilipo Tabora ya leo. Ni miaka 14 tu iliyowatenganisha, na mapito yao hayafanani.

Aliyeamua pa kupita alikuwa kirangozi, yaani kiongozi wa msafara, na alikuwa na mengi ya kupima. Kisima cha mbele kina maji mwezi huu? Chakula kinauzwa, au kijiji kimekumbwa na njaa? Mtemi wa huko anadai hongo, yaani ushuru wa kupita, wa doti ngapi za nguo? Kuna vita? Msafara wa mamia ya wapagazi ukikosea jibu moja, watu wanakufa. Masika nayo ilikuwa na amri yake: Stanley alipofika mbuga ya Mkata, magharibi ya Morogoro (si Mkata ya barabara ya Segera), mwaka ule alikuta bahari ya matope, akapoteza wanyama na siku nyingi humo. Kwa hiyo njia za kiangazi na njia za mvua zilikuwepo tangu hapo, na wapagazi walizijua zote. Hawa ndio wataalamu wa kwanza wa barabara katika nchi hii, na naona tumechelewa sana kuwaita hivyo.

Saadani ilikuwa mshindani wa kweli wa Bagamoyo. Mwaka 1876 mmisionari Roger Price alijaribu kwenda Mpwapwa kutoka Saadani kwa ng'ombe wa kukokota, akaona inawezekana. Mwaka uliofuata Alexander Mackay wa misheni ya Kianglikana akasimamia ufyekaji wa barabara pana ya mikokoteni kutoka Saadani hadi huko huko Mpwapwa. Miti ilikatwa, mito ikawekewa magogo. Kisha ng'ombe wakaanza kufa, maana ukanda ule ulijaa mbung'o. Barabara pana ikarudiwa na vichaka, ile nyembamba ya wapagazi ikaendelea na kazi yake. Mwaka huo huo wa 1877 ilianzwa barabara nyingine kutoka Dar es Salaam kwa fedha za William Mackinnon, ikilenga Ziwa Nyasa, nayo ikaachwa njiani baada ya miaka michache.

Kilichobadilisha kabisa mambo ni reli. Wajerumani walianza kujenga reli ya Usambara mwaka 1893, na waliianzia Tanga. Pangani ndiyo iliyokuwa lango la kale la misafara ya Kilimanjaro na Umasai, lakini mdomo wa mto wake una kizingiti cha mchanga, meli kubwa haziingii. Tanga ina ghuba yenye kina. Hapo tu Pangani ikapoteza mzigo wake. Reli ilifika Korogwe mwaka 1902, Mombo 1905, Moshi 1911. Upande wa kusini, reli ya kati iliondoka Dar es Salaam mwaka 1905 na kufika Kigoma mwaka 1914. Bagamoyo, ambayo hadi 1891 ndiyo iliyokuwa makao makuu ya utawala wa Kijerumani, ikajikuta katikati ya reli mbili bila kuguswa na hata moja.

Magari yalipokuja, yalikwenda kwenye mzigo, na mzigo ulikuwa stesheni na kwenye mashamba ya mkonge. Ndiyo maana barabara ya Tanga inaambatana na reli kupita Muheza, na ya Moshi inaambatana nayo kupita Korogwe na Mombo. Kwa muda mrefu reli hizi mbili hazikukutana. Kiungo cha kutoka Ruvu hadi Mruazi, karibu na Korogwe, kilikamilika mwaka 1963, nacho pia kilipita bara. Zipo na njia nyingine za kale za kuunganisha kaskazini na kati, kama ile ya Korogwe, Handeni na Turiani kushuka Morogoro, ambayo mpaka leo inawasaidia wanaoijua.

Lakini kwa nini bara, hata baada ya mbung'o na misafara kwisha? Jibu kubwa ni mito. Ruvu, Wami, Msangasi na Pangani yote inamwaga maji Bahari ya Hindi. Karibu na bahari mto hutanuka, hugawanyika, huzungukwa na mikoko na udongo mweusi wa mfinyanzi unaovimba ukilowa na kupasuka ukikauka. Tuta la barabara juu ya udongo huo halikai. Ukipanda mto kilomita kadhaa, kingo zinakaribiana na mwamba unaonekana, na daraja linakuwa fupi. Serikali isiyo na fedha nyingi huchagua daraja fupi.

Wami inaonyesha gharama ya uamuzi huo kuliko mahali pengine popote. Daraja la zamani lilijengwa mwaka 1959. Lina urefu usiofika mita 90 na njia moja tu, gari moja likipita jingine linasubiri. Lilikuwa fupi kwa sababu liliwekwa chini kabisa, bondeni, pale mto ulipojibana. Fedha iliyookolewa kwenye daraja ikalipwa na madereva kwenye miteremko: gari linashuka kwa kasi upande mmoja, linakuta kona, kisha daraja jembamba, kisha linatakiwa kupanda mlima upande wa pili likiwa limekwishapoteza nguvu. Lori lililojaa likikatikiwa breki pale juu halikuwa na pa kwenda isipokuwa kwenye kingo za daraja au mtoni. Waliosafiri njia ya Arusha na Tanga kwa miaka mingi wanakumbuka utulivu ulioingia ndani ya basi lilipoanza kushuka Wami.

Daraja jipya lililoanza kutumika mwaka 2022 lina urefu wa mita 513.5. Mto haukupanuka. Wahandisi walichofanya ni kulinyanyua daraja likae juu, livuke bonde zima badala ya maji peke yake, na wakanyoosha barabara za kuingilia pande zote mbili. Jipya halipo mbali na la zamani, hivyo ukipita unaweza kuona barabara ya 1959 ikishuka peke yake upande wa chini. Simama mahali salama uitazame. Utaelewa kwa macho tofauti ya barabara iliyosanifiwa kwa malori ya enzi ile na ile iliyosanifiwa kwa semitrela.

Mambo haya si ya kwetu tu. Marekani, Route 66 iliyopewa namba mwaka 1926 ilikuwa inazunguka hadi mji wa Santa Fe, na mwaka 1937 ikanyooshwa kupita Albuquerque, Santa Fe ikaachwa kando. Wenzetu wale walizoea kuibandika barabara iliyoachwa namba ile ile yenye neno la kuonyesha kuwa ni njia ya pili, hivyo msafiri alijua ipo. Sisi hatuna utaratibu huo. Barabara kuu ikihama, kipande cha zamani hushushwa hadhi, kikawa cha mkoa au cha wilaya, au kikabaki bila kibao. Jina nalo hupotea upesi: Old Bagamoyo Road ya Dar es Salaam sasa ni Barabara ya Mwai Kibaki, na kijana wa Mikocheni hana kinachomkumbusha kwamba anapoishi palikuwa njia ya kwenda mji wa misafara.

Kuna jambo la sheria hapa ambalo linawaumiza watu kila mara. Kwa Sheria ya Barabara ya mwaka 2007, hifadhi ya barabara kuu na za mkoa ni mita 60, yaani 30 kila upande kutoka katikati. Kabla ya hapo ilikuwa mita 22.5 kila upande. Mwenye nyumba iliyo kati ya 22.5 na 30 aliyejenga kihalali kabla ya sheria hiyo ana haki ya fidia eneo lake likitwaliwa, na alama ya X inayopakwa kwenye nyumba yake huwa ya kijani. X nyekundu ni ya aliyejenga ndani ya eneo ambalo tayari lilikuwa hifadhi. Tazama rangi, na tunza nyaraka zako zote, hata risiti ya zamani ya kijiji.

Na barabara ya zamani je? Magari kuacha kupita hakuigeuzi ardhi ile kuwa ya jirani. Watu huanza kwa kulima mahindi kwenye tuta, mwaka wa tatu wanaweka msingi, na anayeuziwa kiwanja haambiwi kitu. Uliza ofisi ya ardhi ya halmashauri kama kipande hicho kimeondolewa kwenye hadhi ya barabara. Uliza kabla ya kulipa.

Ninalisisitiza hili sasa kwa sababu njia ya pwani inarudi. Barabara ya Tanga, Pangani, Mkwaja, Mkange hadi Makurunge, inakoungana na ya Bagamoyo, inajengwa kwa lami kwa vipande, pamoja na daraja la zaidi ya mita 500 juu ya mto Pangani, mahali ambapo watu wa Bweni wamekuwa wakisubiri pantoni kwenda mjini. Mengi ya mapito yake ni yale yale ya wachukuzi wa karne ya 19, na inapakana na Hifadhi ya Taifa ya Saadani iliyotangazwa mwaka 2005, kwa hiyo inagusa wanyama, makaburi na visima kwa pamoja.

Mapito ya kale yanatambulika. Tafuta miembe mikongwe iliyojipanga mstari pasipo na kijiji. Tafuta mfereji mpana usio wa maji, uliochimbwa na nyayo za miaka, ambao nyasi zake zinatofautiana na za pembeni. Kalavati la mawe lililobaki peke yake porini ni la barabara ya gari, la nyakati za baadaye. Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde, Kwihara na Ujiji ziko kwenye orodha ya awali ya UNESCO tangu 2006 kama vituo vya njia ya kati ya watumwa na pembe za ndovu, lakini kati ya kituo na kituo ni udongo mtupu usiolindwa na uzio wowote. Greda moja linaweza kumaliza kazi kwa asubuhi moja.

Ukikuta dalili kama hizo kwenye shamba lako au mbele ya mitambo, usichimbe na usihamishe jiwe. Mwambie mtendaji wa kijiji, naye awaarifu ofisa utamaduni wa wilaya na Idara ya Mambo ya Kale. Kwenye vikao vya wananchi na wakandarasi, naomba wazee wa Mkwaja, Saadani na Bweni wasikalishwe mbele kwa heshima tu. Waongozwe mpaka porini, waonyeshe kivuko cha zamani kilipokuwa na kisima kilipokuwa, mpimaji achukue alama pale pale mbele yao, na jina wanalolitaja liandikwe kama wanavyolitamka wao.