Setilaiti haimwoni dereva wako

Tajiri mmoja wa mabasi kanipigia tena juzi, safari hii akiwa ameshamsimamisha dereva kazi. Gari lake la Iringa lilisimama karibu na Mtera zaidi ya saa nzima, anasema, na ushahidi wa setilaiti anao. Nikamwambia setilaiti haijaona kitu. Jibu lake ni lile ninalolisikia kila mara hapa Dodoma: basi kifaa cha GPS cha kufuatilia gari ulichonifungia ni feki, maana GPS haikosi mtandao.

Nimechoka kulieleza hili kwa simu. Na kuna watu wanakatwa mishahara kwa ajili yake, kwa hiyo leo naliandika.

Setilaiti za GPS ziko juu yetu kama kilomita 20,200. Zinarusha mawimbi yanayosema saa ngapi na zenyewe ziko wapi, basi. Kifaa kilicho chini ya dashibodi kinasikiliza tu. Kikizipata nne, kinapiga hesabu chenyewe na kujua kilipo. Hakizijibu hata neno moja. Ukisikiliza redio ukiwa Mpwapwa, kituo hakijui kama upo, na setilaiti nazo ni hivyo hivyo.

Wewe unaliona gari kwenye simu yako kwa sababu ndani ya kifaa kuna laini ya simu, yenye bando kama la kwako. Kinapeleka hesabu zake kwenye mnara, mnara unazifikisha kwenye seva, yaani kompyuta inayopokea taarifa, na seva inakuchorea ramani. Mnara ukikosekana, kifaa bado kinajua kilipo. Asiyejua ni wewe. Hata VTS iliyo kwenye mabasi, mfumo wa kufuatilia magari wa LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, inapita njia hiyo hiyo.

Na barabara zetu mnazijua. Minara iko palipo na watu. Katikati ni pori, vilima na mabonde, iwe unashuka Mtera au unapanda Kolo baada ya Kondoa. Gari likiingia kwenye kipande kisicho na mtandao, kifaa kizuri kinaanza kuhifadhi nukta, yaani rekodi za mahali gari lilipo, kwenye kumbukumbu yake, na kikiupata mnara wa mbele kinazimwaga zote kwa mkupuo. Muda wote huo ramani inakuonyesha nukta ya mwisho iliyofika. Gari halitikisiki. Wewe unasema limesimama, wakati ukweli ni kwamba halijaleta habari. Hapa ndipo watu wanaponikera kweli, kwa sababu tofauti hiyo inaonekana wazi kwa anayetaka kuiona.

Fungua ripoti kamili, achana na ramani. Kila nukta ina saa mbili: saa kifaa kilipoirekodi na saa seva ilipoipokea. Gari lililosimama kweli linaendelea kuleta nukta mpya, spidi sifuri, na zinaonyesha kama swichi imewashwa au imezimwa. Lililokosa mtandao linaacha pengo kwenye safu ya kupokelea, kisha msururu wa nukta unaingia karibu kwa wakati mmoja, lakini kwenye safu ya kurekodi zinafuatana vizuri, na spidi ni 70, 74, 68. Dereva huyo alikuwa anaendesha. Ripoti ya gari la Mtera ilikuwa ya namna hiyo, na tajiri alikuwa nayo kwenye simu yake tangu asubuhi.

Halafu suala la saa. Kifaa kinaandika saa ya UTC, ile saa ya kimataifa, sisi tuko mbele kwa saa 3. Saa nane na dakika kumi mchana, chenyewe kinaandika 11:10. Programu isiporekebishwa, unasoma saa tano asubuhi na kumwita dereva mwongo, wakati saa tano alikuwa bado stendi ya Nanenane anapakia abiria.

Mambo mengine nayapitia haraka. Mstari mnyoofu unaokata porini maana yake ramani imeunganisha nukta mbili zilizo mbali. Dereva hakuacha lami. Gari "linalotembea" usiku likiwa gereji chini ya paa la bati halijaibwa, mawimbi yanagonga bati na hesabu inayumba. Na waifai ya basi haitoki angani: ni laini moja ya simu inayogawanywa kwa abiria wote. Vile vijiti vilivyojaa kwenye simu ya abiria vinaonyesha nguvu ya mawimbi kati ya simu na ruta iliyo ndani ya basi, havionyeshi nguvu ya mawimbi kati ya basi na mnara.

Kuna pengo ambalo halijazwi kabisa. Mara nyingi umeme umekatwa, na kifaa chenye betri yake ya ndani kitakuletea taarifa hiyo kikipata mtandao. Lakini pengo lisilojazwa na lisilo na taarifa ya umeme ni kesi ngumu. Huenda kumbukumbu imegoma, huenda antena imelegea kwa mitikisiko ya barabara ya vumbi, au huenda mtu kawasha kifaa cha kuvuruga mawimbi. Kwenye ripoti vitu hivi vinafanana mno. Fundi anayekuhakikishia kwa kuangalia skrini tu kwamba ni dereva, mwambie afungue dashibodi kwanza akague waya na antena. Mimi kwa ripoti peke yake siwezi kumtia mtu hatiani, na sitaandika barua ya kusema hivyo hata nikilipwa.

Yeyote niliyemfungia kifaa, ripoti yenye saa zote mbili naitoa bure, siku hiyo hiyo. Iombeni kabla hamjamwita dereva ofisini. Yule wa Mtera bado yuko nyumbani Kizota, na tajiri kaniambia atafikiria.