Kushusha video ya HD kuwa SD ya runinga: tunayoambiana na yaliyo kweli

"Ni kuipunguza tu." Ndivyo wanavyoniambia karibu wote wanaoniletea kazi hapa Mwanga, mjini Kigoma, iwe habari ya wavuvi wa Kibirizi au tangazo la duka la vitenge. Wamepiga HD (video yenye undani mwingi), kituo cha runinga kinataka SD (video ya kiwango cha kawaida, yenye undani mdogo), basi wanaona kilichobaki ni kubonyeza kitufe. Nami niliamini hivyo mpaka siku habari yangu ya kwanza ilipotoka hewani, wazee wa Ujiji wakaonekana wembamba na warefu kama milingoti. Ni watu ninaowaheshimu, na kosa lilikuwa langu. Liliniuma sana.

Picha kamili ya HD ina pikseli (vidoa vinavyounda picha) 1920 kwa 1080, na kila pikseli ni mraba. SD ya mfumo wetu wa PAL ina 720 kwa 576, na pikseli zake si mraba. Ukigawanya 720 kwa 576 unapata 5:4, umbo ambalo si 4:3 (picha nyembamba, upana nne kwa kimo tatu) wala 16:9 (picha pana). Namba ni zilezile kwa picha nyembamba na kwa picha pana. Kinachozitofautisha ni alama iliyo ndani ya faili, inayoiambia runinga iivute picha kiasi gani. Alama isipokuwepo, picha pana inabanwa kwenye kioo cha 4:3 na mtu anarefuka. Kwa hiyo kabla hujagusa chochote, uliza kituo: mnataka 16:9, au 4:3 yenye mikanda myeusi juu na chini, au 4:3 iliyokatwa pembeni? Hiyo ya mwisho ina hasara kubwa. Katika pikseli 1920 za upana zinabaki 1440. 240 zinaondoka kila upande, pamoja na jina la mzungumzaji ulilolibandika kona ya kushoto.

"Siku hizi ni dijitali, kila kitu ni HD." Hapana. Dar es Salaam ilizimiwa mitambo ya analojia tarehe 31 Desemba 2012, mikoa mingine ikafuata, sote tukanunua ving'amuzi. Lakini dijitali ni njia ya kusafirisha picha, na SD husafiri humo vizuri tu. Chaneli moja ya HD inakula nafasi ya chaneli kadhaa za SD, na nafasi ya masafa ina gharama. Ndiyo maana SD bado inaombwa.

Dhana inayoharibu kazi nyingi kuliko zote ni ile ya ukali: kwamba SD ni hafifu, basi uiongezee ukali ili ing'ae. Picha ya SD ya runinga haichorwi kwa mkupuo mmoja. Mistari yake 576 hugawanywa mafungu mawili ya mistari 288; fungu moja lina mstari wa 1, 3, 5, lingine wa 2, 4, 6, na mafungu 50 hupokezana kila sekunde. Sasa chukua kitu chembamba kilicholala, chenye unene wa mstari mmoja tu wa runinga. Kipo kwenye fungu hili, hakipo kwenye linalofuata. Kitawaka na kuzima mara 25 kwa sekunde, na jicho la mtazamaji litachoka bila yeye kujua sababu. Huku kwetu vitu vya namna hiyo vimejaa: maungio ya mabati kwenye paa, nyavu za dagaa, kamba za meli bandarini, vijistari vya kitenge. Ukiongeza ukali unauchochea ugonjwa. Dawa ni kulainisha picha kidogo kwa wima kabla ya kuipunguza, na kuhakikisha hata vipande vyembamba vya herufi vina unene wa mistari miwili ya runinga au zaidi. Wala usiamue kwa kioo cha kompyuta, maana hakichori kwa mafungu. Mimi nimeweka TV ya chogo mezani kwa kazi hiyo tu, na sitaiuza.

Kama kamera yenyewe ilipiga HD ya mafungu, kuna hatua nyingine ambayo wengi huiruka. Mafungu lazima yageuzwe kwanza kuwa picha nzima, ndipo upunguze ukubwa, kisha uyagawe upya. Ukipunguza moja kwa moja, mistari ya nyakati mbili tofauti inachanganyika na kasia la mvuvi linaota meno ya kitana. Angalia pia fungu lipi linatangulia. HD huanza na la juu, lakini SD ya aina ya DV (ile ya kanda ndogo za kidijitali) huanza na la chini. Ukikosea, mtumbwi unakwenda mbele, unarudi, unakwenda tena.

"Simu yangu inapiga fremu 30 kwa sekunde, ni nyingi kuliko 25, kwa hiyo ni bora." Fremu ni picha nzima moja, na runinga yetu hutumia 25 kwa sekunde, yaani yale mafungu 50. Ili 30 ziwe 25, programu nyingi hutupa fremu moja katika kila sita, na ukizungusha kamera taratibu kufuata ufuo wa ziwa, picha inakwama-kwama mara tano kila sekunde. Piga 25 au 50 tangu mwanzo. Kwa ngoma na mpira, 50 ni nzuri zaidi, kwa sababu kila fremu inageuka fungu moja na mwendo unabaki laini.

Rangi nazo zina kanuni mbili. Katika hesabu ya HD, kijani hubeba karibu asilimia 72 ya mwangaza. Katika SD ni karibu 59. Usipoiambia programu ibadilishe kanuni, michikichi na ngozi za watu hutoka na rangi isiyo yao.

Wapo wanaosema, kama mwisho ni SD, kamera yoyote inatosha. Si kweli. HD ina pikseli mara tano ya SD, na zikikusanywa vizuri, chembechembe za gizani hupungua na rangi hukoza. Mitumbwi ya usiku yenye taa ikipigwa kwa HD nzuri kisha ikashushwa, inaizidi ile iliyopigwa kwa kamera ya SD.

Na mwisho, "tukihitaji HD tutaikuza tena." Ile habari ya Ujiji niliifuta HD yake siku ileile ili kupata nafasi kwenye diski. Baadaye familia ya mmoja wa wale wazee ilikuja kuomba picha yake ya kutundika ukutani. Umbo nililinyoosha kwa dakika moja, nikaweka alama ya 16:9. Lakini mikunjo ya uso wake na nyuzi za kofia yake hazikuwemo tena kwenye faili, na hakuna programu iliyoweza kuzirudisha.