Farasi Ametii Wote Wawili: Uongozi na Kazi ya Pamoja Uwanjani Njoro

Makundi yanayokuja kwetu Njoro kujifunza uongozi kupitia farasi huuliza kwanza nani atapanda. Hapandi mtu. Kazi yote tunaifanya tukiwa tumesimama chini, kwa sababu nataka waone wanavyoongoza kiumbe wasichoweza kukiburuta. Farasi mkubwa hufikia kilo 500 hivi, na misuli ya binadamu haifui dafu mbele yake.

Zoezi ninalolithamini kuliko yote ni hili: watu wanne, farasi mmoja asiye na kamba, na magogo mawili yaliyolazwa sambamba. Farasi apite katikati. Hakuna kumgusa wala kuzungumza.

Mara nyingi mmoja husimama nyuma akipunga mikono, na mwenzake hukimbilia mbele kumwita. Farasi husimama au hugeuka arudi alikotoka, kisha nasikia watu wakinong'ona kwamba ni mkaidi. Si mkaidi hata kidogo. Farasi ni mnyama anayewindwa. Macho yake yako pembeni mwa kichwa, naye huona karibu pande zote, isipokuwa sehemu ndogo mbele ya paji la uso na nyingine nyuma ya mkia. Ukimkaribia kutoka nyuma ya bega lake, husogea mbele. Ukijitokeza mbele ya bega, hupunguza mwendo au hugeuka. Kwa hiyo yule aliyekimbilia mbele ili asaidie ndiye aliyeifunga njia. Farasi amepewa amri mbili kwa wakati mmoja, na ametii zote mbili.

Hapo mimi husimamisha zoezi na kuwauliza: kila mmoja alidhani mwenzake anafanya nini? Walimu huanza kumtaja mkuu na naibu wake. Waendesha bodaboda humtaja mwenyekiti wa steji na katibu. Mazungumzo hayo nayapa muda mrefu kuliko zoezi lenyewe, maana bila hayo watu wangekuwa wametembelea farasi tu.

Kisha tunashika kamba. Farasi hajifunzi kwa kuvutwa. Hujifunza pale mvuto unapokoma. Akisogea hatua moja na kamba ikabaki imekazwa, hana namna ya kujua kwamba amefanya ulichotaka, na baada ya muda huacha kujaribu. Waliozoea kudai matokeo hutaabika sana hapa: mkono umezoea kuvuta, haujazoea kuachia. Naamini hili ndilo somo zito kuliko yote, kwa sababu maofisini nakutana na watu wengi hodari ambao wakimaliza kazi mapema huongezewa nyingine, bila hata kuambiwa asante.

Watu wa Kisumu huniomba niwapelekee farasi huko, kwa kuwa punda wanawaona kila siku. Nakataa. Kuna ugonjwa wa virusi unaoenezwa na usubi, nao huua farasi wengi ilhali punda huustahimili vizuri zaidi. Joto na unyevu wa kando ya ziwa huwafaa sana wadudu hao. Hata hapa Njoro, saisi, yaani mtunza farasi, huwaingiza farasi bandani kabla ya magharibi, na mafunzo huisha mapema.

Kabla ya kuondoka, kila kundi huchagua agizo moja ambalo kazini kwao hutoka kwa watu wawili, na kuamua palepale nani atalitoa kuanzia Jumatatu. Wengine hubishana hadi gari linapoanza kupiga honi. Mimi huwaacha wabishane.